Somo la Hesabu: Kutafuta Asili Moja ya Sehemu

Katika shule yetu hakuna kosa la hesabu ambalo nimelisahihisha mara nyingi kama hili:

1/2 + 1/3 = 2/5

Mwanafunzi huchukua namba za juu akazijumlisha, kisha akachukua za chini akazijumlisha, akaweka kalamu chini na kuona kazi imekwisha. Nikimwuliza, "Hivi ukiwa na nusu ya mkate, kisha ukaongezewa kipande, mkate wako utapungua?" hucheka na kusema, "La, mwalimu." Lakini 2/5 ni ndogo kuliko 1/2! Basi kwa hesabu yake yeye, aliyeongezewa amepunguziwa.

Wengine hudhani kosa hili ni la daftarini tu, na hasara yake ni alama mbili za mtihani. Kwa hiyo kabla ya kuanza somo nitasimulia jambo nililoliona kwa macho yangu katika kijiji kimoja kati ya Tanga na Pangani.

Minazi 360

Bwana mmoja alifariki akaacha mke, mama yake mzazi, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Deni lake likalipwa, gharama za maziko zikatolewa, na wasia hakuacha. Kilichobaki ni shamba la minazi 360. Wazee walikubaliana kuihesabu minazi yote kuwa sawa, wakamwita kijana mmoja wa ukoo, mwanafunzi wa Kidato cha Pili, awasaidie kupiga hesabu, maana yeye ndiye msomi wao.

Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, ambayo ndiyo iliyofuatwa katika nyumba ile, mke wa marehemu aliyeacha watoto hupata thumni, yaani 1/8. Mama wa marehemu hupata sudusi, yaani 1/6. Kinachobaki ni cha watoto, na mwanamume hupata mara mbili ya mwanamke.

Kijana akaandika: moja na moja, mbili, nane na sita, kumi na nne, 2/14, ni sawa na 1/7. Akagawanya 360 kwa 7, akapata 51 na kipande. Akatangaza kwamba wanawake wale wawili wana minazi 51 kwa pamoja, na 309 iliyobaki ni ya watoto. Wazee wakaitikia kwa kichwa, kwa kuwa hesabu ilikuwa imeandikwa vizuri kwenye karatasi.

Mama wa marehemu, ambaye hakupata kuingia shule hata siku moja, akamwita yule kijana.

"Mjukuu wangu, sudusi ya minazi 360 ni mingapi?"

"Sitini, bibi."

"Na thumni?"

"Arobaini na mitano."

"Basi mimi peke yangu nina sitini. Imekuwaje nikichanganya na mkwe wangu tuwe na hamsini na mmoja?"

Kijana akanyamaza. Kwa kosa lile lile la daftarini, wanawake wawili walikuwa karibu kupoteza minazi 54, kwani haki yao ilikuwa 60 na 45, jumla 105. Laiti bibi yule asingejua sudusi ni nini, minazi ile ingekwenda, na pengine undugu ungekwenda nayo.

Hebu sasa tuone kosa liko wapi, na dawa yake ni nini.

Pishi na kibaba

Wenyeji wa pwani walipima nafaka kwa pishi, na pishi moja ni vibaba 4. Tuseme mama anapima mchele: kwanza nusu pishi, kisha robo pishi. Amepima kiasi gani? Hakuna haja ya kalamu. Nusu pishi ni vibaba 2, na robo pishi ni kibaba 1. Jumla vibaba 3, yaani 3/4 ya pishi.

Angalieni alivyofanya. Hakujumlisha "nusu" na "robo," maana hivyo ni vipimo viwili mbalimbali. Kwanza alivigeuza vyote kuwa vibaba, ndipo akahesabu. Hiyo ndiyo siri yote ya somo letu. Namba ya chini ya sehemu, ambayo twaiita asili, yatuambia ukubwa wa kipimo. Namba ya juu, ambayo twaiita kiasi, yatuambia vipimo hivyo ni vingapi. Vipimo havijumlishwi mpaka viwe vya namna moja, kama vile mtu mwenye mbuzi 2 na kuku 3 hawezi kusema ana mbuzi 5 wala kuku 5.

Sasa tuseme mama yule anapima robo pishi na thuluthi ya pishi. Kibaba hakitamfaa, kwa sababu thuluthi ya vibaba 4 si vibaba kamili. Anahitaji kikombe kidogo zaidi, ambacho kitaingia mara kamili katika robo na mara kamili katika thuluthi. Vikombe vinavyojaza pishi lazima vigawanyike kwa 4 na kwa 3 pasipo baki. Namba ndogo kabisa ya namna hiyo ni 12. Akipata kikombe ambacho 12 hujaza pishi, robo ni vikombe 3, na thuluthi ni vikombe 4. Jumla ni vikombe 7, yaani 7/12.

Hiyo 12 ndiyo Kigawe Kidogo cha Shirika cha 3 na 4, ambacho kwa kifupi twaandika KDS.

Njia tatu za kupata KDS

*Njia ya kwanza: kuorodhesha vigawe.* Vigawe vya namba ni matokeo ya kuizidisha kwa 1, 2, 3, 4 na kuendelea. Tutafute KDS ya 6 na 8:

Vigawe vya 6: 6, 12, 18, 24, 30, 36, 42, 48 ...
Vigawe vya 8: 8, 16, 24, 32, 40, 48 ...

Vilivyomo katika orodha zote mbili ni 24, 48 na kuendelea. Kidogo kuliko vyote ni 24. Njia hii inafaa kwa namba ndogo, lakini kwa namba kubwa itakumaliza karatasi.

*Njia ya pili: kugawanya kwa namba tasa.* Namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na nyinginezo. Andika namba zako kwa mstari mmoja, uzigawanye kwa namba tasa ndogo kwanza. Isiyogawanyika ishushe kama ilivyo. Endelea mpaka zote ziwe 1. Tuchukue 8, 12 na 15:

2 | 8 12 15
2 | 4 6 15
2 | 2 3 15
3 | 1 3 15
5 | 1 1 5
 | 1 1 1

Sasa zidisha namba za kushoto: 2 × 2 × 2 × 3 × 5 = 120. KDS ni 120.

Kwa nini njia hii ni ya kweli? Kwa sababu 8 ni 2 × 2 × 2. 12 ni 2 × 2 × 3. Na 15 ni 3 × 5. Namba inayogawanyika kwa 8 haina budi kuwa na 2 tatu ndani yake. Ili igawanyike kwa 12 lazima iwe na 3 pia. Zile 2 mbili zinazotakiwa tayari zimo. Ili igawanyike kwa 15 yahitaji 5. Ile 3 tayari imo. Basi hatuchukui kitu mara mbili, wala hatuachi kinachotakiwa.

*Njia ya tatu: kwa Kigawo Kikubwa cha Shirika.* Namba zikiwa mbili tu, zizidishe, kisha gawanya kwa namba kubwa kabisa iingiayo katika zote mbili. Kwa 6 na 8, namba hiyo ni 2; basi 6 × 8 = 48, na 48 ÷ 2 = 24. Kanuni hii ni ya zamani sana: Euclid, aliyefundisha Alexandria huko Misri yapata miaka 300 kabla ya Kristo, aliieleza katika kitabu cha 7 cha maandiko yake. Lakini angalieni: ni kwa namba mbili tu. Zikiwa tatu, tafuta KDS ya mbili za kwanza, kisha ya jibu hilo na ile ya tatu.

Kuzigeuza sehemu

Tufanye 3/8 + 5/12 + 2/15. Tumekwisha kuona KDS ni 120. Hiyo ndiyo itakuwa asili moja ya zote. Sasa jiulize kwa kila sehemu: asili yake imezidishwa mara ngapi hata ikawa 120? Zidisha na kiasi chake mara hizo hizo.

8 × 15 = 120, basi 3/8 = 45/120
12 × 10 = 120, basi 5/12 = 50/120
15 × 8 = 120, basi 2/15 = 16/120

Jumla: 45 + 50 + 16 = 111, yaani 111/120. Zote mbili zagawanyika kwa 3, basi jibu ni 37/40.

Mwanafunzi mmoja ataniuliza: "Je, siwezi kuzidisha asili zote tu, 8 × 12 × 15?" Waweza, na jibu litakuwa la kweli. Lakini utapata asili 1440, na jumla 1332/1440, ambayo utahangaika nayo mpaka uifikishe 37/40. KDS inakupunguzia taabu, na penye taabu ndogo makosa nayo huwa machache.

Asili moja hufaa tena kwa kulinganisha. Ipi kubwa, 5/8 au 7/12? Kwa macho ni vigumu kusema. Lakini KDS ya 8 na 12 ni 24; 5/8 = 15/24, na 7/12 = 14/24. Ya kwanza imeshinda kwa 1/24 tu.

Turudi shambani

Siku ile ya mirathi, mwalimu wa chuoni alikuwapo. Alichukua kijiti akaandika mchangani. Thumni na sudusi: asili 8 na 6, KDS ni 24. Mke ana mafungu 3, mama ana mafungu 4, jumla 7. Yaliyobaki ni mafungu 17, ya watoto wawili. Mtoto wa kiume ana mawili kwa moja la dada yake, basi 17 lazima igawanywe kwa 3, nayo haigawanyiki. Akazidisha yote kwa 3. Asili ikawa 72: mke 9, mama 12, mwana wa kiume 34, binti 17. Jumla 72. Kila fungu moja ni minazi 5, kwa kuwa 72 × 5 = 360. Basi mke akapata minazi 45, mama 60, mwana 170, na binti 85. Jumlisheni wenyewe muone kwamba hakuna mnazi uliopotea.

Hesabu hii wanazuoni huiita kutafuta "asili ya masala," na neno asili ndilo hilo hilo tulitumialo darasani kwa namba ya chini. Kwa muda mrefu mirathi imekuwa mwalimu mkubwa wa hesabu. Al-Khwarizmi, mtaalamu wa Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun (aliyetawala tangu 813 hata 833), aliandika kitabu cha aljebra, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na urithi. Asiye Mwislamu naye afaidike na hesabu, maana sehemu hazina dini.

Kuna tena masala mashuhuri yaonyeshayo kwamba pasipo asili moja mtu hajui hata kama mali itatosha. Mtu ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana 1/8, mabinti wana 2/3, baba 1/6 na mama 1/6. Kwa kuzitazama tu sehemu hizo hutaona kasoro. Zigeuzeni kwa asili ya 24: 3 + 16 + 4 + 4 = 27. Mafungu 27 katika 24! Mali imepungukiwa. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa masala haya akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo, na kwa ajili hiyo huitwa masala ya mimbari. Dawa yake ni kuifanya asili yenyewe kuwa 27, ili upungufu umguse kila mmoja kwa kadiri ya fungu lake. Mke, badala ya 3/24, hupata 3/27, yaani 1/9: thumni yake imekuwa tusui.

Maneno tisa ya lugha yetu

Wenzangu, lugha yetu ina utajiri wa majina ya sehemu ambao vijana wengi wameusahau: nusu, thuluthi, robo, humusi (1/5), sudusi (1/6), subui (1/7), thumni (1/8), tusui (1/9) na ushuri (1/10). Wazee waliiita sarafu ya senti 50 thumni, ingawa ni nusu ya shilingi. Sababu yake ni kwamba walikuwa wakihesabu kwa riali, na riali ilichukuliwa kuwa shilingi 4.

Sasa ni namba gani ndogo kabisa itakayokubali sehemu hizo zote tisa pasipo baki? Ni KDS ya namba zote tangu 2 hata 10, nayo ni 2520. Nusu yake ni 1260, thuluthi 840, robo 630, humusi 504, sudusi 420, subui 360, thumni 315, tusui 280, na ushuri 252. Na ile dakika 60 ya saa? Ni KDS ya namba tangu 1 hata 6. Ndiyo maana saa hukubali nusu, thuluthi, robo, humusi na sudusi bila ubishi, lakini shilingi ya senti 100 haikubali thuluthi.

KDS katika mwaka wa mabaharia

KDS haina kazi ya sehemu peke yake. Hufaa pia tukitaka kujua mambo mawili yanayozunguka yatakutana lini. Mabaharia, wavuvi na wakulima wa pwani walikuwa na mwaka wa siku 365, unaoanza Siku ya Mwaka, au Nairuzi, ambayo watu wa Makunduchi kule Unguja huisherehekea kwa Mwaka Kogwa. Mwaka huo waliuhesabu kwa miongo, kila mwongo siku 10: miongo 36 na siku 5 za ziada.

Ikiwa mwongo wa kwanza umeanza Ijumaa, ni baada ya siku ngapi mwongo mwingine utaanza Ijumaa? Juma lina siku 7, mwongo siku 10. KDS ni 70. Basi ni mwongo wa 8, baada ya siku 70. Na Siku ya Mwaka yenyewe, kwa hesabu hiyo ya kale ya siku 365 kila mwaka, itarudi Ijumaa baada ya KDS ya 7 na 365, yaani siku 2555, ambazo ni miaka 7 kamili.

Makosa manne ya kuepuka

1. Usijumlishe asili. Asili ni jina la kipimo, haliongezeki.
2. Ukibadili asili, badili na kiasi. 3/8 si 3/24, ni 9/24.
3. Usichanganye KDS na Kigawo Kikubwa cha Shirika. KDS haiwi ndogo kuliko namba yo yote uliyopewa. Kigawo Kikubwa hakiwi kikubwa kuliko yo yote.
4. Ukimaliza, lipime jibu kwa akili kama alivyofanya bibi yule. Jumla haiwezi kuwa ndogo kuliko kimojawapo cha vilivyojumlishwa.

Neno moja kwa wa Kidato cha Kwanza. Katika shule ya msingi mlisoma haya kwa Kiswahili. Hapa mtayakuta kwa Kiingereza, na wengi hushtuka wakadhani ni somo jipya. Si jipya. Kibaba ni kile kile, kimebadilishwa jina tu. Na wazazi mnaosoma gazeti hili, waulizeni watoto wenu nyumbani: sudusi na thumni ni ngapi? Asiyejua, mwonyesheni kwa mchele.

Mazoezi

1. Tafuta KDS: (a) 9 na 12, (b) 6, 10 na 15, (c) 4, 14 na 21.
2. Fanya: (a) 5/6 + 3/8; (b) 7/10 − 4/15.
3. Wavuvi wameuza samaki kwa shilingi 144,000. Thuluthi ni ya mwenye chombo, robo ni ya mwenye jarife, na kinachobaki wagawane sawa mabaharia 5. Kila baharia ana sehemu gani ya fedha yote, na ni shilingi ngapi?
4. Mwanamke amefariki akaacha mume (1/4), mama (1/6) na mtoto mmoja wa kiume anayechukua kinachobaki. Shamba lina minazi 60. Kila mmoja apate mingapi?
5. Tuseme basi la Muheza huondoka stendi ya Tanga kila dakika 40, na la Pangani kila dakika 25. Yote mawili yameondoka pamoja saa 12 asubuhi. Yataondoka pamoja tena saa ngapi?
6. Mama ana kapu la mayai, pungufu ya 400. Akiyapanga mawili mawili, matatu matatu, manne manne, matano matano au sita sita, hubaki yai 1. Akiyapanga saba saba, halibaki hata moja. Ana mayai mangapi?

Majibu: 1. (a) 36, (b) 30, (c) 84. 2. (a) 29/24, yaani 1 na 5/24, (b) 13/30. 3. 1/12, shilingi 12,000. 4. Mume 15, mama 10, mtoto 35. 5. Baada ya dakika 200, yaani saa 3 na dakika 20 asubuhi. Jibu la 6 litatolewa katika toleo lijalo. Atakayelipata kabla ya hapo na aniletee darasani, lakini alete na njia yake, maana jibu bila njia ni kama nazi bila maji.